Tisa Nukta Nne

Kichupa kilinifikia saa nane za usiku,
kifuniko cha njano, damu ya mtoto,
bado kina joto la kiganja cha muuguzi
aliyekivusha ua wenye theluji ya magoti.
Lebo: Ayberk, miaka minane, wodi ya tatu.
Sikumwona uso. Sisi wa maabara
huwajua watu kwa kile walichotolewa.

Daktari Şermin akapiga simu, sauti imechakaa:
homa siku ya tano, macho mekundu,
midomo imepasuka, tumbo halishikiki,
moyo unapiga kwa kusitasita.
Korona ilimpitia mwezi uliopita, akasema,
kikohozi cha siku mbili, nyumbani hawakushtuka.
Mgeni alikuja, akanywa chai, akaaga.

Aliyebaki ni mlinzi.
Mwizi katoka kitambo,
mlinzi bado anavunja vyombo gizani,
anapiga kabati, anapiga kuta,
anapiga hata kitanda cha mwenye nyumba.
Kikulacho ki nguoni mwako, tuliambiwa.
Hatukuambiwa kuwa nguo nayo huota meno.

Nikaipa mashine damu, mashine ikanipa namba.
Alama za mwako zilipanda mpaka ukingo wa karatasi.
Kisha mstari wa mwisho kabisa,
ule ambao hakuna anayeuulizia usiku wa manane:
vitamini D, tisa nukta nne.
Chini ya ishirini tunaita upungufu.
Tisa ni mfuko uliopinduliwa nje.

Majira hayo amri ilikuwa hivi:
wasiofika miaka ishirini watoke saa saba mchana,
saa kumi wawe ndani.
Jua la Erzurum, Januari, kwa kibaba,
nalo limelala ubavu juu ya Palandöken
kama mfanyakazi aliyefika kazini
akiwa ameshachoka.

Alfajiri nikamkuta mama yake kwenye ngazi,
Nurgül, chupa ya chai mapajani, haijafunguliwa.
Alikuwa ameshaambiwa ile namba.
“Kila siku nilimkalisha dirishani,” akasema.
“Jua likimpiga hapa, shavuni, hapa.
Walitaka jua lipi jingine?”

Sikuwa na moyo wa kumweleza kioo:
kwamba kioo kina hila, huachia nuru,
huachia joto, hata paka hudanganyika akalala pale,
lakini ule mwali unaoiamsha ngozi
huusimamisha nje, kwenye baridi.
Nikamwambia tu chai itapoa.

Swali limenikaa tangu hapo kama mwiba wa samaki.
Je, jua lilipungua, ndipo moto ukapata nafasi?
Au moto ndio ulioramba jua lililokuwamo,
nasi tukafika kupima majivu?
Nilimuuliza Daktari Şermin. Alisugua macho.
Wengi wanaoletwa hivi wana namba ndogo, akasema,
lakini na mtaa mzima una namba ndogo, Feride,
na wawili wakiongozana njiani
si lazima mmoja awe kamzaa mwenzake.
Akaandika matone, hata hivyo.
Matone hayana kesi na mtu.

Kilichomtuliza mlinzi ni dawa nyingine:
dripu ya kingamwili za maelfu ya watu
wasiomjua Ayberk, wasiojuana,
tone, tone, usiku kucha.
Siku ya nne homa ikaacha ubishi.
Siku ya tisa akaomba viazi vya kukaanga.
Haya nayo niliyasikia tu.

Aprili kichupa kikarudi, jina lile lile:
ishirini na sita.
Nikaitazama namba ile muda mrefu kuliko inavyostahili.

Nikafika nyumbani mchana, nikafungua dirisha lote,
nikamwita binti yangu: pandisha mikono ya sweta.
“Baridi,” akasema.
Pandisha.
Akasimama pale, mikono myeupe kama mkate mbichi,
ananitazama kana kwamba mgonjwa ni mimi,
na kutoka chumba cha pili mama mkwe akauliza
makaa hayo ninayoyapasha moto mtaani
nitayalipa na nani.